Wesnoth si gemu la bahati nasibu

Wengi wanaoliacha The Battle for Wesnoth mapema hutoa lalamiko lilelile: askari wangu kakosa mara tatu mfululizo, adui kapiga zote, hii ni kamari. Lalamiko hilo limelinyima gemu hili heshima yake kwa zaidi ya miaka 20, na ndilo ninalotaka kulijibu hapa kwa namba.

Kwanza utambulisho mfupi. David White alilianzisha mwaka 2003, na tangu hapo limejengwa na watu wa kujitolea. Ni la bure, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, halina matangazo, na ndani yake hakuna kinachouzwa. Linachezwa kwa zamu, kwenye ramani ya vigae vya pembesita, na laptop ya mtumba isiyo na kadi ya picha hulimudu vizuri. Picha zake ni za mtindo wa zamani. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya pili ya watu kulipita, lakini kwenye gemu la mbinu kinachohitajika ni kuona wazi nani amesimama wapi, na hapo halina kasoro.

Sasa bahati. Katika Wesnoth, uwezekano wa pigo kumpata mtu hautegemei ustadi wa anayepiga. Unategemea mahali aliposimama anayepigwa. Askari wa kawaida wa miguu akiwa uwanda wa nyasi ana kinga ya asilimia 40, maana yake kila pigo lina asilimia 60 ya kumpata. Msituni na vilimani kinga yake ni 50. Kijijini, ngomeni na mlimani ni 60. Kwenye maji ya kina kifupi au kinamasi inashuka hadi 20. Mbilikimo wao hufika 70 mlimani lakini hubaki na 30 tu uwandani. Mpanda farasi humshangaza mgeni: kijiji hakimsaidii, anabaki na 40 ileile, na msituni ana 30.

Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba anayempa adui asilimia 60 ni wewe mwenyewe, kwa kumwacha mtu wako nyasini.

Jambo la pili ni saa. Siku moja ya Wesnoth ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, alasiri, jioni, na zamu mbili za usiku. Binadamu wengi wa jeshi la kifalme ni watu wa mchana: asubuhi na alasiri pigo lao huongezeka kwa asilimia 25, na usiku hupungua kwa asilimia 25. Orki, viumbe wakali wa hadithi, na wafu ni kinyume chake. Alfajiri na jioni hakuna kati yao anayepata wala kupoteza.

Chukua askari wa mkuki, ambaye gemu linamwita Spearman: uhai 36 kabla ya kuhesabu tabia zake, mapigo 3 ya nguvu 7 kila moja. Mbele yake mweke orki wa kawaida, Orcish Grunt, mwenye mapigo 2 ya nguvu 9. Mchana mkuki unapiga 9 na orki anapiga 7. Usiku mkuki unapiga 5 na orki anapiga 11. Ukiwatazama kwenye ramani ni watu walewale, ila mchana mkuki wako unaweza kumtoa adui uhai 27 na usiku 15 tu.

Unganisha saa na mahali, kisha tazama kinachompata mkuki mmoja akishambuliwa na orki watatu katika zamu moja. Jumla ni mapigo 6. Usiku, kwa pigo la 11, mapigo 4 yanatosha kumuua. Akiwa nyasini, uwezekano wa angalau mapigo 4 kati ya 6 kumpata ni kama asilimia 54. Akiwa kijijini ni kama 18. Mchana pigo ni la 7, kwa hiyo yanahitajika yote 6: nyasini kama asilimia 4.7, kijijini 0.4. Hesabu hii haijumuishi orki anayekufa kabla ya kumaliza mapigo yake, hivyo hali halisi ni nafuu kidogo. Lakini mtu yuleyule, mbele ya maadui walewale, ametoka kwenye kifo cha zaidi ya nusu hadi kifo ambacho huenda usikione katika kampeni nzima, yaani mfululizo wa vita vyenye hadithi moja. Anayemwacha nyasini usiku kisha akailaumu bahati hakuangalia 54 hiyo.

Tabia nazo hubadilisha hesabu kidogo. Kila askari wa aina hii huja na tabia mbili za kubahatisha. Mwenye kasi hupungukiwa uhai kwa asilimia 5, na orki mwenye nguvu, nguvu ya kila pigo lake huongezeka kwa 1. Mkuki mwenye kasi na akili ana uhai 34. Orki mwenye nguvu usiku anapiga 12. Mapigo matatu, kwisha. Kwa hiyo mbofye kila adui wa mstari wa mbele usome tabia zake kabla hujapanga.

Mahesabu haya huhitaji kuyafanya kichwani. Dirisha linalofunguka unapochagua shambulio lina kitufe cha mahesabu ya madhara, kinachokuonyesha uwezekano wa kila upande kubaki na uhai kiasi gani. Kibofye kila mara mpaka jicho lizoee. Na kwenye menyu kuna takwimu zinazolinganisha madhara uliyotarajiwa kutoa na uliyotoa kweli. Ukihisi umeonewa, zifungue. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko uchungu ulionao. Mkuki anayeshambulia adui wa kijijini ana asilimia 40 kwa kila pigo, na uwezekano wa kukosa yote matatu ni 21.6, zaidi ya mara moja katika kila majaribio matano. Mpango unaovunjika kwa jambo linalotokea mara moja katika tano ulikuwa mbovu tangu mwanzo.

Dawa ya adui aliyejichimbia ni mchawi, Mage. Pigo lake la moto lina asilimia 70 ya kufika popote adui alipo, awe mbilikimo mlimani au elfi msituni. Mkuki dhidi ya kinga ya 60 anatarajiwa kufikisha pigo 1.2 kati ya 3. Mchawi anatarajiwa 2.1. Isitoshe, orki wa kawaida hana silaha ya mbali, kwa hiyo mchawi anampiga bila kujibiwa. Hii ni kanuni ya kubeba kila mahali: chagua silaha ambayo adui hana jibu lake. Kasoro ya mchawi ni uhai wake wa 24. Akimaliza kupiga, lazima pawe na watu wa kumkinga, la sivyo zamu ya adui inamkuta peke yake.

Na hapo ndipo panapohitajika mstari. Kila askari ana daraja, yaani kiwango cha ukomavu wake kuanzia 0. Wa daraja la 1 na kuendelea hudhibiti vigae 6 vinavyomzunguka: adui akikanyaga kimojawapo, mwendo wake unaishia hapo. Wa daraja la 0 hawana udhibiti huo, na wapo wachache wenye uwezo wa kupenya. Maana yake hulazimiki kuwapanga bega kwa bega. Watu wawili wenye vigae 2 vitupu kati yao bado wanaziba njia kwa zamu hiyo. Ila kuziba njia hakumlindi anayeziba. Mtu wa peke yake hushambuliwa kutoka pande 6. Aliye katikati ya mstari ulionyooka na kufungamana hushambuliwa kutoka pande 2 tu. Ukiwa na mstari wa namna hiyo, orki watatu wa mfano wetu wanakuwa wawili: mapigo 4, na usiku nyasini lazima yote yampate. Asilimia 54 imeshuka hadi 13, na hujasogea hata kigae kimoja kutafuta kijiji. Mstari ukipinda zigizaga, wenye pembe zilizochomoza watapokea maadui 3, kwa hiyo hapo weka wenye uhai mwingi.

Adui anayeendeshwa na kompyuta hupenda kushambulia chochote anachokifikia, na hilo litumie. Wewe huwa upande wa kwanza kucheza, na saa ni moja kwa pande zote katika zamu husika. Kwa hiyo dhidi ya orki, wakati wa alfajiri sogeza mtu mwenye afya mbele, mahali penye kinga nzuri, na wengine nyuma yake hatua chache. Adui atamvamia alfajiri hiyohiyo bila nyongeza ya usiku. Zamu inayofuata ni asubuhi, nawe unawakuta wametawanyika, wako mbali na vijiji vyao, na una nyongeza ya robo kwa zamu mbili. Jioni ikifika, rudi nyuma. Kosa linaloua majeshi mengi ya wageni ni kuendelea kufukuza adui aliyebakiza uhai kidogo wakati jua linazama. Mwache. Atakayekuja nyuma yake usiku ana asilimia 25 ambazo wewe umepoteza.

Dhahabu. Kwenye kampeni, kila zamu unapata 2 za msingi na 1 kwa kila kijiji unachomiliki. Kila askari hudai matunzo sawa na daraja lake, lakini kila kijiji hubeba daraja 1 bure. Ukiwa na mikuki 6 na vijiji 4, unapata 6 na kulipa 2, baki 4. Mkuki mmoja ni dhahabu 14. Kwa kipato hicho, askari mmoja aliyekufa ni zamu tatu na nusu za kusubiri, na kukimbilia vijiji katika zamu za kwanza ni kazi ya kweli ya kivita. Wape wenye kasi kazi hiyo. Kiongozi naye huandikisha watu akiwa amesimama kwenye kigae kikuu cha ngome pekee. Ukimtoa mapema kwenda kupigana, dhahabu yako inalala tu.

Kumwita upya askari wa vita vilivyopita hugharimu 20 bila kujali daraja lake. Wa daraja la 2 kwa bei hiyo ni zawadi. Wa daraja la 1 ambaye mpya wake ni 14, mwite tu kama amekaribia kupanda. Na kupanda daraja kuna hesabu yake: kupigana na adui hukupa uzoefu sawa na daraja lake, kumuua hukupa mara 8 ya daraja hilo, na wa daraja la 0 hukupa 4. Kwa hiyo panga nani anatoa pigo la mwisho. Wachosheni adui kwa mikuki, mwachieni mchawi amalize, kwa sababu akipanda anaweza kuwa mganga mweupe anayerudishia majirani zake uhai 8 kila zamu na kuondoa sumu. Kupanda daraja pia hujaza uhai papo hapo, hata katikati ya vita.

Kuhusu sumu: hula uhai 8 kila zamu lakini haimalizi mtu, humfikisha 1. Ukimpeleka kijijini, zamu ya kwanza humponya sumu tu. Uhai 8 wa kijiji huanza zamu inayofuata. Usimrudishe vitani katikati ya hayo mawili.

Kwa anayeanza, kampeni ya A Tale of Two Brothers ni fupi na inatosha kufundisha mstari na saa. Baada yake The South Guard. Heir to the Throne ni ndefu na ndiyo inayotajwa sana, lakini mgeni huvunjika moyo vita vya kwanza kabisa kwa sababu anakaa kupigana, ilhali kazi aliyopewa ni kumtorosha Konrad, kiongozi wa jeshi lako, hadi kwenye alama ya njia. Soma malengo kabla ya kuandikisha mtu. Ukishakomaa, Under the Burning Suns inabomoa mazoea yako ya saa, kwani dunia yake ina majua mawili. Descent into Darkness inakupa wafu, na hapo utaelewa kwa nini mikuki yako ilikuwa ikiwakwaruza tu: wafu wa mifupa mitupu hupunguza pigo la ncha kali kama ya mkuki kwa zaidi ya nusu, na hudhurika zaidi kwa rungu na moto.

Gemu huhifadhi lenyewe mwanzo wa kila zamu. Kurudi nyuma zamu moja ili ujaribu mpangilio mwingine ni mazoezi mazuri. Kurudia shambulio lilelile hadi bahati ikubali kutakufikisha vita vya tano ukiwa na mpango wa vita vya kwanza.

Ukilipakua, tumia bando mara moja: faili la usakinishaji ni mamia ya MB, lakini baadaye halihitaji intaneti kabisa, na watu wawili wanaweza kucheza wakipokezana kwenye kompyuta moja. Matoleo yenye namba shufwa katikati, kama 1.16 na 1.18, ndiyo thabiti. Witiri ni ya majaribio. Wachezaji wa mtandaoni lazima wawe kwenye mfululizo mmoja, na maudhui ya ziada yaliyotengenezwa kwa 1.16 hayapakuliwi ukiwa na 1.18. Kampeni uliyoianza imalize kwenye toleo uliloanzia, kwa kuwa faili za kuhifadhi mara nyingi hazivuki salama. Namba za askari nazo hurekebishwa kati ya matoleo. Zikitofautiana na zangu, fuata kitabu cha msaada kilicho ndani ya gemu lako.