Gurudumu gumu halifai kila mahali

Hapa Mbeya, wengi wanaonunua viatu vya mtumba vyenye magurudumu ya mstari mmoja huamini kwamba gurudumu gumu ndilo bora popote: linadumu, basi linafaa. Imani hiyo ina msingi. Kwenye lami yenye kokoto, gurudumu laini huliwa haraka, hata kumeguka vipande.

Lakini kudumu si kushika. Kwenye sakafu nyororo ya ukumbi, gurudumu gumu huteleza unapokata kona, na hoki ya viatu hivi ni kona tupu. Humo ndimo laini hung'ang'ania sakafu.

Ubavuni mwa gurudumu kwa kawaida kuna namba na herufi A, kipimo cha ugumu. Lenye 74A au 76A ni laini, la ukumbini. Lenye 82A hadi 85A ni gumu, la lami. Namba ikiwa imefutika, bonyeza kwa ukucha ulinganishe na jingine.

Tazama pia upande wa ndani wa magurudumu. Ukiwa umelika zaidi, hayakuwa yakigeuzwa. Kuyageuza na kuyabadilisha nafasi huyaongezea maisha, magumu kwa laini. Na lami ikilowa, mteremkoni usiyaamini yote mawili; wadogo zangu huwaambia wavue viatu watembee.