Mawazo yakiingia mwilini: maswali kuhusu moyo, presha, tumbo na usingizi

Kila nikikumbuka marejesho ya kikoba moyo unanienda mbio na viganja vinatoka jasho. Nina ugonjwa wa moyo?

Mara nyingi hapana, ingawa kupimwa hakuna hasara. Ubongo ukihisi hatari hauulizi kama ni nyoka shambani au mweka hazina wa kikoba. Unapeleka ishara kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini. Kwa sekunde chache moyo unaongeza kasi, ini linaachia sukari kwenye damu, mishipa ya tumboni inabana, misuli ya shingo na mabega inakaza. Baada ya dakika kadhaa inafuata kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, nayo inaizuia sukari isishuke haraka.

Nyoka akishapita, mwili unatulia. Deni halipiti. Kwa mkulima wa Mbozi au Ludewa hofu inaanza Novemba kwenye mbolea, Januari inadakwa na mahitaji ya shule, na mahindi bado yako shambani mpaka Mei au Juni. Mshtuko uliokusudiwa kudumu dakika chache unadumu msimu mzima, na huo ndio unaodhuru.

Ni kweli presha yangu imeletwa na mawazo?

Mawazo yanapandisha presha kwa muda. Presha ya kudumu ina vyanzo vingi: umri, kurithi, chumvi, unene, pombe, maradhi ya figo. Msongo wa muda mrefu unachangia, sana sana kwa mlango wa nyuma: mtu halali vizuri, anakunywa zaidi, anaacha kutembea.

Kuyasingizia mawazo peke yake kuna hatari moja. Shida ikiisha mgonjwa anaona amepona, anaacha vidonge. Presha haina maumivu ya kukukumbusha. Wengi wanastuka wakiwa wameshapata kiharusi. Dawa isiachwe bila daktari kusema, hata kama kikoba kimeshalipwa.

Nipimeje nijue ni presha kweli au ni wasiwasi wa siku hiyo?

Hapa ndipo makosa yanapojaa, hasa kwetu kwenye baridi. Usipimwe ukiwa umetoka kupanda mlima au kushuka kwenye bodaboda. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Keti dakika 5 umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Julai kule Makete au Njombe watu wanakunja mikono ya makoti mawili mpaka juu ya kiwiko. Nguo iliyokunjwa inabana mkono na namba inatoka ya uongo. Toa mkono mzima kwenye nguo. Baridi yenyewe nayo inabana mishipa, kwa hiyo subiri upate joto ndani kwanza. Mtu mwenye mkono mnene apimwe kwa mkanda mpana, la sivyo ataambiwa ana presha asiyokuwa nayo.

Pima mara 2, ukiacha dakika moja katikati. Ikifika 140/90 au zaidi kituoni, rudia siku nyingine. Mwenye mashine nyumbani apime asubuhi na jioni kwa siku 7, aiache siku ya kwanza, achukue wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, nenda na karatasi yako kwa daktari. Ikigonga 180/120 na una maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mama mkwe anasema vidonda vyake vya tumbo ni kwa sababu ya kuwaza watoto. Anakosea?

Shikamoo yake kwanza, halafu apelekwe kupima. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, wa Australia, waliwaotesha maabara bakteria wa tumboni wanaoitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba bakteria hao ndio chanzo cha vidonda vingi. Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu wanameza kila jioni baada ya jembe bila kufikiri mara mbili.

Mawazo yanaongeza kiungulia, yanalifanya tumbo lihisi maumivu kwa ukali zaidi na yanachelewesha kupona. Hayamuui bakteria wala hayamwumbi.

Omba kipimo cha choo. Kipimo cha damu cha bakteria hao kinaweza kusoma “wapo” hata baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kwamba tiba imefanya kazi. Kabla ya kipimo cha choo, omeprazo (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) iwe imeachwa kwa wiki 2 na antibayotiki kwa wiki 4, la sivyo bakteria watajificha na majibu yatatoka safi. Daktari ndiye apange kuziacha. Tiba kwa kawaida ni siku 14 za antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kuishia siku ya 6 kwa sababu maumivu yamekwisha ni kuwafundisha bakteria usugu.

Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni: usisubiri siku ya gulio ndipo ushuke mjini.

Na kichwa kinachobana pande zote mpaka shingoni?

Mara nyingi ni misuli iliyokaza. Pandisha mabega kuelekea masikioni kwa sekunde 5, yaachie kwa sekunde 15, rudia mara 5. Parasetamo inasaidia, ila ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inageuka chanzo cha kichwa kuuma.

Binti alishikwa ghafla, akakosa hewa, vidole vikapinda na kufa ganzi. Jirani anasema amerogwa.

Kama si pumu, kifafa, malaria kali wala sukari kushuka, inaelekea ni hofu kali. Anayepumua haraka sana anapoteza hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi. Madini ya damu yanayumba, ganzi inaanza vidoleni na kuzunguka mdomo, mikono inapinda. Hajifanyi. Kwa kawaida hofu hiyo hufikia ukali wake wa juu ndani ya dakika 10, kisha hupungua.

Mpeleke pembeni, watazamaji waondoke (hasa bweni la wasichana, ambako mmoja akianguka wengine wanafuata). Usimfunike uso kwa mfuko. Avute hewa kwa pua ukimhesabia mpaka 4, tumbo lijae, aitoe kwa mdomo mpaka 6, taratibu kama anayepuliza mkaa bila kurusha majivu. Endeleeni dakika 5. Akishatulia apimwe. Kama familia inataka maombi, waombe. Vipimo vifanyike siku hiyohiyo.

Nikinywa ulanzi kidogo napata usingizi. Kuna ubaya?

Utalala haraka na utaamka saa nane usiku. Pombe inavuruga nusu ya pili ya usingizi, na hilo ni kweli kwa ulanzi, komoni au bia ya chupa. Kahawa nayo: nusu ya kafeini bado iko mwilini saa 5 hivi baadaye, na chai ya Rungwe au Mufindi, ikiwa ya rangi na nzito, si haba. Mwisho iwe saa nane mchana. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Ukigeukageuka kwa dakika 20, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu bila simu, rudi usingizi ukija.

Msiba unaweza kumuumiza mtu moyo kweli?

Unaweza. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliuandika ugonjwa uitwao takotsubo: baada ya mshtuko mkubwa, sehemu ya chini ya moyo inalegea ghafla. Wanaoupata zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, lakini kwa macho hautofautiki na shambulio la moyo. Kwa hiyo msibani, mtu akishika kifua na kusema kinabana, maumivu yakielekea taya au mkono, jasho baridi likimtoka, asipepewe tu kwa kanga. Tafuteni gari.

Nianzie wapi kutafuta msaada?

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Usiseme “nina mawazo” ukanyamaza. Taja dalili, zilianza lini, unalala saa ngapi, unakunywa kiasi gani, dawa gani unameza, za dukani na za kienyeji pia. Mwenye kisukari aende na namba zake za sukari, kwa sababu msongo unazipandisha na dozi huenda ikahitaji kuangaliwa. Huzuni au kukata tamaa kukizidi wiki 2, omba rufaa ya huduma ya afya ya akili. Hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa zinapokea. Anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, viuatilifu vya shambani vifungiwe mbali naye, na aende hospitali siku hiyo akiwa na mtu wake.