Urithi wa viwanda na uhamaji: maana yake katika mji wa bandari

Urithi wa viwanda ni masalio ya kazi za uzalishaji na usafirishaji: maghala, karakana, winchi, reli za gatini, pamoja na ujuzi wa watu waliozifanya kazi hizo. Urithi wa uhamaji ni alama za watu waliofungasha na kuondoka. Kwenye bandari kongwe si rahisi kuutenga mmoja na mwingine, maana kuwavusha wahamiaji bahari kulikuwa biashara yenye mitambo, ratiba na hesabu za faida.

Chukua Antwerp, Ubelgiji. Tangu 1873 hadi 1934 meli za kampuni ya Red Star Line zilibeba watu wapatao milioni mbili kwenda Amerika ya Kaskazini, wengi wao wakiwa makabwela wa Ulaya Mashariki, Wayahudi wakiwemo kwa wingi. Abiria wa daraja la tatu walipitishwa kwanza kwenye majengo ya matofali kando ya mto Scheldt. Nguo na mizigo yao ilitiwa kwenye matangi ya chuma ikafukizwa kwa mvuke, wenyewe wakaogeshwa, kisha daktari akawakagua, hasa macho, akitafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Usidhani ni huruma. Aliyekataliwa New York alirudishwa kwa gharama ya kampuni, hivyo ilikuwa nafuu kumzuia kabla hajapanda. Wa daraja la kwanza hawakuguswa na usumbufu huo.

Marekani ilipobana milango kwa sheria za 1921 na 1924, biashara ikanywea. Majengo yale yalinusurika, na tangu 2013 ni makumbusho.

Kwangu mimi, urithi wa Antwerp ukielezwa kwa wasafiri wa Amerika peke yao, nusu ya bandari imeachwa gizani. Mpira na pembe za ndovu za Kongo, nchi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, zilishushwa hapohapo. Mwishoni mwa karne ya 19, E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, aliyekuwa akifika Antwerp kikazi, aligundua kwamba meli ziliingia zimesheheni mali, zikarejea Kongo na bunduki, risasi na askari, bidhaa za kubadilishana zikiwa haba mno. Kama hakuna kilichokuwa kikilipwa, akajiuliza, mpira huo unapatikanaje? Jibu alilofikia ni moja: watu walikuwa wakilazimishwa kuugema kwa mtutu wa bunduki.