"Breki zilifeli" sio utetezi: kwa mnaofunga pedi za breki wenyewe nyumbani

Kila ikikaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani foleni ya ukaguzi wa magari inakuwa ndefu, na siku hizi kwenye foleni hiyo naona kitu ambacho zamani hakikuwepo sana, mtu anakuja na gari kaifungua mwenyewe Jumamosi, spea kanunua Kariakoo, maelekezo kaangalia YouTube, na anakwambia kwa raha kabisa "mkuu hizi breki nimepiga mwenyewe". Sisi wakaguzi hatumkatazi mtu kushika spana kwenye gari yake. Ufundi una gharama, na baadhi ya mafundi wa gereji bubu, tuseme ukweli, hawakuzidi kitu. Ila yapo mambo tunayokutana nayo mara kwa mara mpaka yanachosha.

Naanza na lile linalogonga mageti. Ukiweka pedi mpya lazima pistoni ya kalipa, kile kibanio kinachokandamiza pedi kwenye disiki, irudi ndani, sawa, umeirudisha, umefunga tairi, umewasha gari unapiga rivasi utoke. Mguu wa kwanza kwenye breki unazama mpaka kwenye kapeti, maana pistoni iko mbali na pedi na nguvu yote inaishia kuisogeza pistoni badala ya kukaba disiki. Mguu wa pili unakukuta ukutani. Kumbe ilikuwa ni kupampu pedali tu gari ikiwa imesimama mpaka iwe ngumu, ndo uguse gia. Na zile kalipa za nyuma zilizounganishwa na handbreki, pistoni yake nyingi hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kuzungushwa, sasa mtu anaibana na jeki ya mkono mpaka inavunjika ndani halafu analalamika kauziwa spea feki.

Lingine ni hili jina "oili ya breki", nadhani ndo limetuponza. Sio oili kama oili nyingine! Kikopo chake kule kwenye boneti kimeandikwa aina yake, DOT 3 au DOT 4, kwenye mfuniko, weka hiyo. Unakuta mtu kaona imepungua kamimina oili ya injini, au ile ya stelingi iliyobaki, raba za masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zinavimba, baada ya siku chache breki zinakaba zenyewe haziachii na tairi linanuka. Hapo kumwaga na kuweka nyingine hakusaidii, raba zote zinabadilishwa. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka juzi ikakaa stoo usiitumie, ile kitu inanyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Ukizunguka Mwenge na Mbagala unaweza usione tofauti, shuka nayo mlima Kitonga umepakia familia na mizigo ya Krismasi, mguu uko kwenye breki muda wote, inachemka inatoa mvuke, na mvuke unabinyika, pedali inakwenda chini bila kukaba kitu. Mambo ya gia kwenye mlima siyasemi, naamini mnayajua.

Upepo pia. Umefungua mpira wa breki umebadilisha, lazima utoe upepo, na wakati unatoa kikopo kisikauke maana kikikauka umeanza upya. Gari nyingi zenye ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ukishaingiza upepo kwenye ile moduli yake huutoi kwa nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo, peke yake, inataka mashine, hiyo peleka gereji usione aibu. Nimeshakutana pia na pedi iliyofungwa kinyume, chuma ndo kinasaga disiki, mwenye gari anasema "zinapiga kelele kwa sababu ni mpya". Na kuna huu mchezo wa kuziba breki ya tairi moja inayovuja oili ili "ifike tu nyumbani". Gari inavuta upande mmoja ukikanyaga, halafu miezi sita bado haijafika nyumbani.

Sasa utaratibu, maana hapa malalamiko ni mengi. Gari ikikutwa na kasoro ya breki ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haijalishi nani alifunga. Faini ya papo kwa papo inahesabiwa kwa kosa moja moja, naomba msome hapo, kwa KOSA sio kwa gari, kwa hiyo breki mbovu na tairi kipara ni makosa mawili. Unapewa notisi yenye kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, askari hapokei hela mkononi, na deni linasomeka kwenye namba ya gari. Ila kulipa faini hakukupi ruhusa ya kuendelea na safari kama breki ni hatari, gari inaweza kuzuiliwa mpaka itengenezwe na ikaguliwe upya. Watu wanakasirika hapo, "si nimeshalipa?" Umelipia kosa, hujanunua breki.

Ikitokea ajali gari inakaguliwa na mkaguzi, anajaza ripoti, ripoti inaingia kwenye jalada. Karibu kila dereva jibu la kwanza ni breki zilifeli. Mkaguzi akifungua akakuta nipeli haikukazwa au pedi imegeuzwa, hilo jibu linakugeukia wewe, kwa sababu ulijua gari imefunguliwa juzi na ukaingia nayo barabarani. Kama kuna kifo, unaweza kufikishwa mahakamani. Ya bima siwezi kuisemea kampuni yoyote, soma mkataba wako sehemu ya matengenezo.

Na jamani stika ya ukaguzi. Stika inasema siku ile tulipokagua gari ilikuwa sawa, ukiifungua wiki inayofuata stika haijui. Ukishafunga breki mwenyewe unaweza kuileta tuiangalie tena, ila njoo mchana, na njoo taratibu, kuna mzee wangu mmoja alikuja kukaguliwa breki akasimamishwa na mti wa mwembe wetu.