Asilimia 100 katika Super Smash Bros. si kifo

Wengi wanaoanza kucheza Super Smash Bros., mchezo wa video wa mapigano wa Nintendo, wakitoka michezo mingine ya mapigano kama Tekken au Street Fighter huamini kwamba namba iliyo chini ya skrini ni uhai, na kwamba ikifika asilimia 100 mhusika anakufa. Sivyo. Tangu toleo la kwanza, lililotoka kwenye mashine ya Nintendo 64 mwaka 1999, namba hiyo huonyesha madhara uliyopata, nayo hupanda hadi 999.

Kinachokutoa ni kurushwa nje ya mipaka ya uwanja: juu, chini au pembeni. Kadiri asilimia inavyopanda, ndivyo pigo lilelile linavyokurusha mbali zaidi. Uzito nao una kazi: mhusika Jigglypuff, aliye mwepesi mno, hurushwa nje mapema kuliko Bowser, aliye mzito. Ndiyo maana mchezaji mwenye asilimia 150 anayejua kurudi jukwaani bado ni hatari, na mwenye sifuri akitumbukia shimoni amekwisha. Tena, tangu matoleo ya 2014, aliyeumia sana hurusha wapinzani mbali zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa namba ikipanda hadi kuwa nyekundu. Fanya mazoezi ya kurudi jukwaani kwanza, mapigo makali baadaye.