Mwisho wa muhula wa vuli Marekani: maswali na majibu kwa wanachuo na wazazi wao

Katika vyuo vingi vya Marekani muhula wa vuli huanza mwishoni mwa Agosti na kufungwa katikati ya Desemba. Ikipita Siku ya Shukrani, yaani Alhamisi ya 4 ya Novemba, mwanafunzi hubakiwa na wiki mbili au tatu za kumaliza kazi zote, kufanya mitihani na kuhama bwenini. Ndipo maswali yanapokuwa mengi, kwa wazazi walioko Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu na kwa familia zetu zilizohamia Minneapolis, Louisville au Portland ya Maine. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wake.

Mwanangu yuko mwaka wa pili Minneapolis. Tangu Novemba kila nikipiga simu anasema "niko sawa, mama," kisha anakata. Nimuulize nini?

Mama, weka kando kwanza habari za mitihani. Muulize jana alilala saa ngapi na leo amekula nini. "Niko sawa" haina pa kushika, lakini akikuambia amelala saa kumi alfajiri na tangu asubuhi ana chai tu, umeshajua pa kuanzia. Muulize pia anashinda na nani. Mwanafunzi anayetaja wenzake wawili watatu bila kufikiri hunipa matumaini kuliko mwenye alama nzuri asiyemtaja mtu.

Angalia na saa unayopiga. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, na tofauti kati ya Dar es Salaam na Minneapolis huongezeka kutoka saa 8 hadi 9. Simu uliyozoea kupiga saa moja usiku sasa inamkuta saa nne asubuhi, huenda yuko darasani. Ukisubiri hadi saa tatu usiku, kwake ni saa sita mchana.

Na jambo moja nakuomba sana: kama mliuza shamba ili asafiri, Desemba usimkumbushe. Analikumbuka. Ninaowahofia zaidi ni wale wanaolikumbuka mno, kiasi kwamba wanashindwa kukiri wamefeli somo moja, wananyamaza mpaka yanakuwa matatu.

Alipokuwa Tanzania hakuwa hivi. Ni baridi tu?

Baridi ipo, lakini giza lina nguvu zaidi. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hajawahi kuishi hivyo. Mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaouelekeza mwili lini uamke na lini ulale. Ukipungua, usingizi unavurugika, mtu anakuwa mzito, anatamani wanga na sukari, anajitenga. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza sonona hii ya majira, yaani ugonjwa wa huzuni unaokuja na msimu, mwaka 1984. Tiba mojawapo ni taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000, ambayo mtu hukaa mbele yake dakika 20 hadi 30 kila asubuhi bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutolala kwa siku kadhaa, amwone daktari kabla ya kuitumia. Isiyo na gharama ni kutoka nje mchana kila siku, hata kukiwa na mawingu.

Ngozi nyeusi pia hutengeneza vitamini D taratibu zaidi, na jua la kaskazini wakati huo ni hafifu. Aombe kipimo cha damu. Mtu mzima huhitaji takriban IU 600 kwa siku (IU ni kipimo cha vitamini). Vidonge vya dozi kubwa vinywewe kwa maelekezo ya daktari.

Halafu kuna mfumo wenyewe. Nyumbani aliyefeli somo ana nafasi ya kufanya sapu. Marekani kwa kawaida sapu haipo: alama inaingia moja kwa moja kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake zote, na ukishuka chini ya 2.0 kati ya 4.0 vyuo vingi humweka mwanafunzi chini ya uangalizi, hata ufadhili ukaweza kukatwa. Mzazi anayesema "si utarudia tu" hajui kwamba kurudia ni kulipa ada ya somo zima upya.

Wiki ya mitihani nakesha kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kuna ubaya gani?

Ubaya wa kwanza ni kwamba unachosoma hakikai. Ubongo hupanga na kuhifadhi ya mchana wakati umelala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukiwa na usiku mmoja tu kabla ya mtihani, soma hadi saa tano, lala, kisha amka mapema umalizie.

Kafeini isizidi miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kikombe cha kahawa kina kama 95, ila kopo moja la baadhi ya vinywaji hivyo hufika 200 hata 300, na wengi hunywa mawili. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, tumbo linasokota. Unadhani ni hofu ya mtihani, kumbe nyingine umeinywa.

Wale wanaobeba boksi usiku ghalani na kuingia darasani asubuhi, ombeni kupunguziwa zamu mapema Novemba, kabla mabosi hawajapanga ratiba ya msimu wa manunuzi.

Rafiki amenipa vidonge vya Adderall. Anasema vinasaidia kusoma.

Usimeze. Adderall ni amfetamini, dawa ya watu waliopimwa na daktari kwa tatizo la umakini. Kumgawia mwingine ni kosa la jinai, na kwa aliye kwenye viza kosa la namna hiyo linaweza kuharibu kila kitu. Hofu yangu kubwa zaidi ni kwamba vidonge vingi vinavyozunguka mitandaoni na vyuoni ni bandia. Mei 2022, mwishoni mwa muhula, idara ya afya ya jiji la Columbus, Ohio, ilitoa tahadhari kuhusu vidonge vya Adderall bandia vinavyoaminika kuwa na fentanyl, dawa kali ya maumivu ambayo kiasi kidogo tu kinaweza kuua. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Tangu 2023 dawa ya pua ya naloxone, inayoweza kumrudishia pumzi aliyezidiwa na fentanyl, huuzwa Marekani bila cheti cha daktari, na vyuo vingi huigawa bure. Kila chumba cha bweni kingekuwa nayo ningefurahi.

Nitajuaje kama ni uchovu au ni sonona?

Uchovu wa mitihani huisha mtu akipumzika. Sonona haimwachii. Hesabu wiki mbili: kama karibu kila siku kwa muda huo ana huzuni au hafurahii chochote, hata mpira au muziki alioupenda, na pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula vimebadilika, hawezi kutulia kwenye jambo moja, anajiona hafai au ni mzigo kwa familia, huo ni ugonjwa na una tiba. Vijana wetu wengi hawasemi "nina huzuni." Wanasema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili umechoka. Wavulana aghalabu huonekana wakali tu. Huacha kuoga, huacha kufua, hawajibu ujumbe.

Nyumbani tutasema ni uvivu, au ametupiwa kitu. Familia ikitaka kumwombea, imwombee, na asubuhi imsindikize kituo cha ushauri cha chuo. Sioni mgongano wowote hapo. Huduma hiyo mara nyingi haina malipo ya ziada, na anayoyasema humo ni siri isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Mwezi Desemba foleni huwa ndefu, kwa hiyo aseme waziwazi "siwezi kusubiri". Vituo vingi hutenga nafasi za dharura.

Akiandikiwa dawa za sonona, ajue huchukua wiki 4 hadi 6 kufanya kazi vizuri. Kwa walio chini ya miaka 25 wiki za mwanzo zinahitaji jicho la karibu, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Asiziache ghafla likizo ikianza.

Naogopa anaweza kujiua. Nikimuuliza si nitampa wazo?

Hapana. Kumuuliza hakupandi wazo. Watu wengi hupumua wanapoulizwa. Muulize kwa maneno yenyewe: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, usimhubirie wala usimtajie aibu ya ukoo. Muulize kama amepanga vipi na kama ana kitu cha kutumia, kisha asiachwe peke yake.

Aliyeko Marekani apige au atume ujumbe 988, namba ya taifa iliyofunguliwa Julai 2022, bila malipo, saa zote. Akipiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Hatari ikiwa ya dakika hii, ni 911.

Wewe uliyeko Dar huwezi kupiga namba hizo mbili kutoka huko. Kwa hiyo leo, kabla hakujawa na tatizo, hifadhi kwenye simu yako namba kamili ya polisi wa chuo chake, inayoanza na +1, pamoja na jina la bweni, namba ya chumba na namba ya mwenzake mmoja. Siku ukihofu, piga useme unataka waende kumwona kama yuko salama. Hutoa huduma hiyo saa zote. Natamani kila mzazi afanye hili kabla ya jingine lolote lililoandikwa hapa.

Nimepigia chuo kuuliza maendeleo yake, wamekataa. Si mimi ninayelipa?

Sheria ya mwaka 1974 iitwayo FERPA inamfanya mwanafunzi wa chuo kuwa mwenye taarifa zake. Anaweza kusaini fomu ya kukuruhusu, na dharura ya afya au usalama ina nafasi yake katika sheria hiyo. Lakini hakuna kinachowazuia kukusikiliza. Ukiwaambia mwanao hajapokea simu siku nne na kabla ya hapo alikuwa analia, watalifanyia kazi hata wasipokurudishia jibu.

Nimeugua nusu ya muhula na najua nitafeli. Nifanye nini?

Mwandikie mwalimu kabla hajapeleka alama. Vyuo vingi hukubali somo libaki bila kukamilika, ukamalizia mwakani, ukiwa na uthibitisho wa ugonjwa. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, asiache somo lolote kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni: inaweza kukuruhusu kupunguza masomo kwa sababu za kiafya, hadi miezi 12 kwa jumla katika kila ngazi ya shahada, ila ruhusa itangulie.

Bweni linafungwa na mimi sina nauli ya kwenda popote.

Usingoje wiki ya mwisho. Vyuo vingi hufunga mabweni katikati ya Desemba hadi Januari, na kubaki kunahitaji maombi yenye tarehe yake. Uliza pia kuhusu chakula, maana bwalo hufungwa hata pale bweni linapobaki wazi. Vyuo vingi vina stoo ya chakula cha bure kwa wanafunzi, na kuiendea si aibu. Tafuta Waswahili wa mji huo kupitia msikiti, kanisa au chama cha jumuiya, uwaambie mapema kwamba Krismasi uko peke yako. Mama wa Kikongo au Kitanzania akisikia hivyo hakuachi.

Amerudi nyumbani Louisville, analala hadi saa nane mchana. Tumwamshe?

Siku tatu nne za kwanza mwacheni, analipa deni la usingizi. Baada ya hapo aamke, apate jua, ale na wenzake. Wazazi waliokuja kama wakimbizi mara nyingi humsubiri mtoto huyu kwa hamu: barua za bima zimerundikana, kuna miadi ya hospitali ya kutafsiri, wadogo zake wanahitaji mlezi. Mahitaji hayo ni ya kweli. Yapangeni, siku mbili za wiki ziwe za mambo ya nyumba na nyingine aachiwe. Kwa hospitali ombeni mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kumtoa bure, na haifai mtoto awe ndiye wa kumwambia mama yake majibu ya vipimo. Akiendelea kulala hivyo wiki ya pili, haogi na hataki kuona mtu, rudini kwenye swali la sonona.

Nakwenda Tanzania Desemba baada ya miaka mitatu. Malaria si nimeizoea?

Kinga uliyokuwa nayo ilitokana na kuumwa na mbu mara kwa mara, na hupungua ukikaa mbali. Marekani hupata wagonjwa wapatao 2,000 wa malaria kwa mwaka, na wengi wao ni watu kama sisi waliokwenda kuwaona ndugu. Mwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Dawa ya kinga ya atovaquone na proguanil huanza siku 1 au 2 kabla ya kufika na kuendelea siku 7 baada ya kuondoka. Doxycycline huendelea wiki 4, na hapo ndipo wengi hukatiza. Lala kwenye chandarua hata kama binamu zako wanakucheka.

Dawa zako za kila siku zibebe kwenye begi la mkononi, ndani ya chupa zenye jina lako, za kutosha hadi wiki moja baada ya kurudi. Zile za umakini uulizie kwanza, kwani nchi nyingine haziruhusu kuingia nazo. Na Januari ukishikwa na homa darasani, usiseme ni mafua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, umwambie daktari, kabla hajakuuliza, kwamba umetoka Tanzania na unataka kipimo cha malaria.