Kunyonya Mafuta Mwilini: Yanayosemwa Dar na Ukweli Wake

“Nataka kunyonywa mafuta nipungue uzito.”

Anayeingia kwa daktari na sentensi hii amekosea mlango. Upasuaji huu, unaonyonya mafuta kwa mrija unaopitishwa chini ya ngozi, ni wa kuchonga umbo, si wa kushusha kilo. Piga hesabu: lita moja ya mafuta ya mwilini ina uzito wa gramu 900 hivi. Madaktari wengi huchukulia lita 5 kuwa mstari wa tahadhari. Ukiuvuka, unatakiwa uwe hospitali na uangaliwe usiku kucha. Tena hizo lita 5 si mafuta matupu, maana zimechanganyika na maji ya chumvi yaliyopigwa mwilini kabla ya kunyonya, na damu kidogo. Kwa hiyo mtu aliyetolewa “mafuta mengi” anaweza kupanda mzani akakuta kilo tatu au nne tu zimepungua, na hizo huzioni mpaka uvimbe uishe. Wiki ya kwanza mzani unaweza hata kupanda.

Anayefaidika zaidi ni yule ambaye uzito wake umeshatulia na haujazidi sana, ila kuna mafuta yamegoma kutoka ubavuni, chini ya mstari wa sidiria, mapajani au chini ya kidevu. Yale tunayoyaita manyama uzembe. Kwa unene uliokithiri, mazungumzo ni mengine: chakula na mazoezi, dawa, puto la kujaza nafasi tumboni ili ushibe haraka, ambalo hospitali ya Muhimbili-Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu, au upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula.

“Kitambi chote kitaondoka.”

Inategemea ni kitambi gani. Lala chali, ufinye tumbo kwa vidole. Kinachofinyika ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo mrija unayafikia. Ila kitambi cha akina baba wengi wa mjini, kile kigumu kama ngoma kinachotangulia mlangoni, kimebeba mafuta yaliyo nyuma ya misuli, kuzunguka utumbo na ini. Huko mrija hauendi. Na bahati mbaya hayo ndiyo mafuta yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Samuel Klein walichapisha matokeo ya wanawake wanene 15 walionyonywa mafuta ya tumbo kama kilo 10 kila mmoja, kiasi kikubwa kuliko cha kawaida. Wiki 10 hadi 12 baadaye, mwitikio wa mwili kwa insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) na shinikizo la damu vilikuwa palepale. Nguo zilipwaya, lakini ugonjwa haukuhama. Kwa hiyo anayekuambia atakutibu sukari kwa njia hii anakuuzia maneno.

“Yakishatoka hayarudi.”

Chembe za mafuta zilizonyonywa zimeondoka kweli, lakini zilizobaki zinajua kunenepa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2011, uliwafuata wanawake walionyonywa mapajani na tumboni kwa mwaka mzima. Mafuta ya mwili yalirudi, na yaliongezeka zaidi tumboni kuliko mapajani. Chipsi mayai za usiku hazisomi risiti ya hospitali.

“Ni kunyonya tu, si upasuaji.”

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Mbinu ya leo ilipata sura yake miaka ya 1970, pale daktari Mfaransa Yves-Gérard Illouz alipotumia mrija wenye ncha butu badala ya vifaa vya kukwangua. Miaka ya 1980 Mmarekani Jeffrey Klein (si yule wa utafiti wa juu) akaongeza jambo kubwa: kujaza eneo husika maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ili damu isivuje sana na maumivu yapungue. Ndiyo maana tundu la nje ni dogo. Chini ya ngozi, hata hivyo, mrija unapita mara mamia, na mwili unahesabu jeraha lote, si lile tundu tu.

Yanayoweza kutokea ni haya: damu kuganda mguuni kisha bonge kupanda mapafuni, mafuta kuingia kwenye mishipa, dawa ya ganzi kuzidi na kuvuruga moyo, maambukizi, au mrija kutoboa utumbo. Hayatokei kila siku. Lakini yakitokea, dakika ndizo zinazoamua, na chumba cha nyuma ya saluni hakina mashine ya kupumulia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza haya. Daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Ubingwa wake ni wa upasuaji gani hasa? Nani atashika dawa ya usingizi, na atakaa chumbani muda wote au ana wagonjwa wengine? Nikizidiwa saa nane usiku, napelekwa wapi na kwa gari gani? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekurahisishia uamuzi.

Na wewe useme ukweli. Taja sigara, vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, dawa za kupunguza maumivu, dawa za kienyeji na chai za kupunguza tumbo. Baadhi huongeza kuvuja damu, nyingine huongeza kuganda. Sigara huzuia jeraha kupona, ndiyo maana wengi hutaka uiache wiki nne kabla. Eleza kama una selimundu, pumu, shinikizo la damu, au makovu yako huwa yanaota na kuvimba. Aliyejifungua kwa kisu aombe tumbo likaguliwe vizuri: ngiri iliyojificha kwenye kovu ni mojawapo ya njia ambazo utumbo hutobolewa.

“Ngozi itajivuta yenyewe, na michirizi itafutika.”

Michirizi haifutiki. Vishimo vya mapajani pia. Ngozi iliyolegea baada ya mimba tatu inaweza kulegea zaidi, na misuli ya tumbo iliyoachana haiungwi kwa mrija. Hiyo ni kazi ya upasuaji mwingine, mkubwa zaidi.

“Sindano ya kuyeyusha mafuta ni salama kuliko kisu.”

Dawa moja ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Chupa isiyo na jina unayochomwa tumboni chumbani kwa mtu ni kitu kingine kabisa.

“Yatolewe tumboni yawekwe makalioni, si ni mafuta yangu mwenyewe?”

Ni yako, lakini yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa makalioni yanakwenda moyoni na mapafuni. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa upasuaji rekebishi vilitoa onyo la haraka: mafuta yasichomwe kabisa ndani ya msuli, yaishie chini ya ngozi. Wakati huo vifo vilikadiriwa kufikia mtu mmoja katika kila 3,000, kiwango cha kutisha kwa jambo la urembo. Nikiulizwa mimi, hili ndilo la kufikiria mara tatu.

“Nikienda Uturuki au India, nitarudi baada ya siku tatu nimeshapona.”

Huko kuna madaktari wazuri sana, hilo sibishi. Tatizo ni ndege. Istanbul hadi Dar es Salaam ni kama saa saba za kukaa umekunja miguu, na mwili uliotoka kupasuliwa tayari uko tayari kugandisha damu. Panga kubaki wiki moja au mbili, kama daktari wako atakavyosema, na ujue mapema nani atakuangalia ukirudi. Bima nyingi hazigusi gharama hizi, pamoja na zile za kurekebisha makosa.

Kupona kwenyewe kunataka vazi la kubana wiki nne hadi sita, usiku na mchana. Anayefanyiwa Januari, kwa joto la Dar na umeme ukikatika, atajua hajui. Bora Juni au Julai. Umbo la mwisho huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo usimfokee daktari wiki ya pili.

“Sitamwambia mtu.”

Wengine huaga nyumbani kwamba wana semina Dodoma, kisha wanajifungia lodji wakiuguza vidonda peke yao. Mwambie mtu mmoja, dada, rafiki, hata jirani, na umwachie dalili hizi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, homa, tumbo linalozidi kuuma, kuchanganyikiwa. Ikitokea mojawapo ni idara ya dharura ya hospitali kubwa, si duka la dawa. Na mkifika, semeni wazi umefanyiwa nini na lini, kwa sababu daktari wa zamu asiyejua ataanza kutafuta malaria.